Landrova ya Miaka Miwili

Bi Zuhura alizikwa siku ileile aliyofariki, kama dini yake inavyotaka, nami nikakosa maziko kwa sababu habari ilinifikia jioni; nilikuwa Mitaboni shambani na simu nimeiacha kwenye kabati la vyombo. Jambo hilo liliniuma sana. Kwa hiyo siku ya arubaini yake niliapa sitachelewa, nikafika mjini Machakos mapema hata wapishi hawajainjika sufuria. Uani nilimkuta Swaleh, mjukuu wake, kijana anayeishi Syokimau na kufanya kazi za kompyuta. Alikuwa ameifunua ile Landrova ya babu yake, ameinama mbele yake na spana mkononi. Kwanza nilifurahi, maana sikuwa nimeliona gari lile tangu Mzee Bakari, mume wa Bi Zuhura, atutoke. Kisha nikaona anachofanya. Alikuwa anafungua bolti za madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu.

"Shikamoo, Susu," akasema. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ingawa sina damu moja naye, hajawahi kuniita Mumbua, jina langu.

"Marahaba. Unafungua nini hapo?"

"Nataka kuirudisha orijino. Kuna shoo ya magari za zamani inakuja Nairobi, na huko wanaangalia kama kila kitu ni ya mwaka moja. Hii sasa iko na mwili ya babu na uso ya gari ingine. Hata taa haziko mahali yake. Nimepata uso ya ule mwaka wenyewe, iko hapo kwa varanda. Nilikuwa nakungoja, Susu, wewe ndio uliunganisha hii kitu. Niambie tu ni gani ilikuja nayo na ni gani iliongezwa, nitoe zote ziliongezwa."

Niliiangalia hiyo sura mpya pale varandani. Wavu wake ulikuwa mzima, na taa mbili zilikaa katikati zimekaribiana kama macho ya mwalimu wa hesabu, vile Landrova za zamani zilivyokuwa kabla taa hazijahamishiwa kwenye madigadi. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamwambia aweke spana chini aniletee kiti, kwa sababu swali lake lilikuwa fupi lakini jibu lake lilikuwa mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha kunyoosha na kuunga mabati, msichana peke yangu katika darasa letu. Gereji zote za Machakos nilizopita walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza kama najua kupika chai. Gereji ya mwisho ilikuwa nyuma ya soko, kati ya kinu cha kusaga unga na kibanda cha fundi viatu, na ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alikuwa Mzee Bakari, Mwislamu wa mjini, mwembamba, msafi kiasi cha kukera, mtu wa kuosha spana kwa petroli kabla ya kuziweka. Wa pili alikuwa Mzee Ndolo, Mkatoliki wa Kithimani, mnene, mwenye sauti ya kwaya na mikono isiyojua kuweka kitu mahali pake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana, na hakuna aliyewahi kuelewa kwa nini. Ndolo alinipa mlango uliobonyea akasema, "Mwiitu, nyoosha hii tuone." Mwiitu ni msichana kwa Kikamba. Niliunyoosha. Bakari akapitisha kidole kwenye bati, akakitazama kidole chake, akaniuliza nitalala wapi.

Nililala kwao. Uani kwa Bakari kulikuwa na chumba cha mbao kilichopakana na sebule yao, chenye godoro, msumari wa kutundika ovaroli, na dirisha dogo lililoingiza harufu ya iliki kila asubuhi Bi Zuhura alipochemsha chai. Nimekaa katika nyumba nyingi tangu hapo, nyingine za mawe na vigae, lakini chumba nilichokipenda kuliko vyote ni kile. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba nilijua mambo yao yote bila kuuliza. Nilijua Bakari hupoteza miwani kila jioni na kuipata kichwani. Nilijua wanapoongelea watoto wao waliohamia Mombasa, na nilijua wanaponisema mimi. "Huyu msichana wa Mitaboni anakula vizuri," Bi Zuhura alisema jioni moja, kwa sauti ya mtu anayesifu mvua.

Chakula cha mchana alikileta mwenyewe gereji baada ya sala ya adhuhuri, kwenye sinia moja kubwa la aluminiamu lililokuwa limebonyea ukingoni. Ndolo ndiye aliyelibonyeza, siku aliyoliangusha kwenye simenti. Tangu siku hiyo Bi Zuhura alikuwa akiligeuza kila mara hadi lile bonde likae mbele ya Ndolo. Wali wa maharagwe, au ugali na sukuma, na Ijumaa pilau. Ndolo naye alichangia maembe ya Matuu na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambao Bakari alijifanya hawezi kuutafuna, kisha akaongeza. Sisi watatu tuliweka mikono mle mle. Siku ya kwanza nilitaka kusogea kando na sahani yangu kwa haya, Bi Zuhura akanizuia: "Watu wa kazi moja hula chombo kimoja, mwanangu. Atakayekula peke yake na afanye kazi peke yake." Nilidhani ni maneno tu ya mwenyeji.

Kila mmoja wa wazee wale alikuwa na Landrova yake. Ya Bakari ilikuwa ya miaka ya mwanzo, ya kijivu, taa zikiwa pale katikati. Ya Ndolo ilikuwa ya miaka ya baadaye, ya kijani, taa zikiwa zimehamia kwenye madigadi. Walibishana juu ya magari hayo kama watu wengine wanavyobishana juu ya wabunge. Basi mwanzo wa mwaka ule injini ya Bakari ilikufa, kufa kabisa, na wiki chache baadaye Ndolo akateleza kwenye mteremko wa Iveti wakati wa mvua, akaangukia mtaro kinyumenyume. Yeye alitoka na kofia yake kichwani. Gari lilitoka na fremu iliyopinda na nyuma iliyokunjika yote. Tukawa na magari mawili gereji, moja lenye mgongo mzuri bila moyo, jingine lenye moyo mzuri bila mgongo. Ndolo ndiye aliyesema wakati wa kula, mdomo umejaa, "Bakari, kwani tunangoja nini? Tuoanishe hizi gari."

Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama miezi ile. Watu hudhani Landrova ni Landrova, lakini mwaka na mwaka hazifanani hata wanapokuambia zinafanana. Madigadi ya Ndolo yalifika kwenye mwili wa Bakari yakakuta matundu ya bolti yamepishana upana wa kidole. Milango ya zamani ilikuwa na bawaba za unene mwingine. Boneti ilikubali upande mmoja ikakataa wa pili, kama bibi harusi aliyelazimishwa. Na bati lenyewe si chuma, ni aluminiamu, halipendi moto mwingi. Ukilisogelea na moto wa gesi linayeyuka bila kukuonya. Nilijifunza kulibembeleza kwa nyundo ya mbao, kuziba matundu ya zamani kwa ribiti na kutoboa mapya, na kila kipande kilipokaa mahali pake Ndolo aliimba na Bakari alisema "Alhamdulillahi" polepole. Gari likawa kijani mbele na kijivu nyuma. Fundi viatu alisema limevaa koti la jirani.

Bakari alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja katika gereji ile. Ukifungua gari unatandika magunia pande zote mbili, na kila kitu unakilaza kwenye gunia la upande wake, kwa mpangilio uleule. "Kilichotoka kushoto kirudi kushoto," alisema, "kilichotoka kulia kirudi kulia. Vyuma huzoeana." Sheria nzuri hiyo, hata leo naifuata nikifungua jiko la gesi. Springi za magari yote mawili, zile pinde za mabamba ya chuma zinazobeba gari, zilikuwa zimechoka, kwa hiyo Ndolo akaenda Matuu, kwa mtu anayeuza skrepu kando ya barabara ya Garissa, akarudi na springi nne zilizotolewa kwenye Landrova iliyoletwa kutoka kaskazini. Gari lenyewe hakuliona zaidi ya fremu. Kabini, viti na usukani vilikuwa vimeshanunuliwa na wengine. Lakini kwa sababu alimjua Bakari, zile springi za kushoto alizifunga kitambaa chekundu palepale alipozifungua. Bakari alifurahi hadi akampa mkono. Za kushoto tukazilaza kushoto, za kulia kulia, tukazifunga kama zilivyokuja.

Siku ya kulitoa gari nje, kinu kilisimamishwa ili watu watazame. Injini iliwaka mara ya kwanza. Ndolo alikuwa kwenye usukani, Bakari ubavuni mwake, na mimi nyuma nikijishikilia, nimevimba kichwa. Tulipofika barabarani nikasikia vicheko. Landrova yetu ilikuwa imelalia kulia, upande wa dereva, kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake jambo. Ndolo akadhani ni uzito wake. Wakabadilishana, Bakari mwembamba akashika usukani, na gari likabaki limelala vilevile. Mafundi wa gereji nyingine walitoka kwenye milango yao na vikombe vya chai. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na vita vyenyewe vilikuwa havijaanza.

"Fremu yako imepinda," Ndolo alisema tuliporudi.

"Fremu yangu niliipima kwa uzi mbele yako. Springi zako ni za kufa."

"Springi niko na uhakika nazo. Nilizitoa na mkono yangu!"

"Na fremu nimekaa nayo miaka yote sijaona imeinama. Imeanza kuinama ulipoigusa wewe."

Laiti wangetukanana yakaisha! Lakini walikuwa watu wa adabu, na adabu ikiingia kwenye ugomvi huukausha kama samaki ukadumu. Waliacha kubishana. Walijaribu kila kitu, wakabadilisha matairi, wakakaza bolti, wakapima tena kwa uzi, ila kila mmoja alikuwa anatafuta kosa la mwenzake na hakuna aliyekuwa anatafuta kosa la gari. Kisha siku moja Bi Zuhura alipoleta sinia, Ndolo alisema ameshiba, akaketi upande wa pili wa Landrova na kopo lake la muthokoi. Kesho yake vilevile. Bi Zuhura hakupunguza chakula hata punje. Aliendelea kukileta cha watu watatu, akaligeuza sinia hadi bonde likae mahali pa Ndolo, na chakula cha mahali pale kikarudi nyumbani kila siku kimepoa. Nilikula nikiogopa kumeza kwa sauti.

Jioni moja nilisikia kupitia ukutani. "Nimechoka, Zuhura," Bakari alikuwa anasema. "Jumatatu Mumbua afungue gari lote. Kila mtu achukue chake. Uso wake na injini yake na springi zake aende navyo Kithimani, mimi nibaki na fremu yangu. Gereji tutafunga. Mimi nitaenda Mombasa kwa watoto."

"Na huyu binti?"

Nikamsikia Bakari akipapasa meza kutafuta miwani yake. Nilikaa kwenye godoro nikalia, sioni haya kusema. Sikulia kwa ajili ya kazi peke yake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeamini, kwa ujinga wa miaka yangu, kwamba nimepata mahali ambapo kila kitu kina upande wake, na mimi nina wangu.

Jumatatu nikafungua gari. Wazee wote wawili walisimama, mmoja mlangoni na mwingine kwenye benchi ya kazi, wasitazamane. Sasa, mara hii magunia hayakutandikwa kushoto na kulia. Yalitandikwa la Bakari huku na la Ndolo kule, kwa sababu tulikuwa tunagawana, na gari likigawanywa kwa wenyewe halina tena kushoto wala kulia. Niliinua gari kwa jeki na magogo, nikaanza na springi kwa sababu ndizo zilizoleta balaa. Zote zilikuwa za Ndolo. Nikazilaza zote nne kwenye gunia lake, mbili fupi za mbele pamoja, mbili ndefu za nyuma pamoja, zimebinua migongo juu. Kitambaa chekundu kilikuwa bado kimefungwa.

Adhuhuri ikapita, Bi Zuhura akaja. Ilikuwa wali na mchuzi wa kuku, na najua aliwachinjia makusudi. Alitafuta pa kuliweka sinia. Benchi ilikuwa imejaa nati, sakafu imejaa vipande vya gari. Akaona zile springi mbili ndefu zimelala sambamba, akasema, "Haya, hapa panatosha," akaliweka sinia juu ya migongo yake, akaligeuza bonde limwelekee Ndolo.

Mchuzi wote ukakimbilia upande mmoja. Ukapanda ukingo, ukapata lile bonde, ukaanza kudondokea kwenye gunia.

"Aiya!" Ndolo akaruka kuuokoa, maana kuku ni kuku hata katika ugomvi. Akalishika sinia kwa mikono miwili. Bakari naye akaja mbio akashika upande wa pili, na wote wawili wakasimama wameinama, wamelishikilia sinia, wakitazama lilivyolala. Mwenye macho haambiwi tazama. Springi ile yenye kitambaa chekundu ilikuwa imebinuka kuliko mwenzake, na sinia limelala kulia sawasawa na lilivyolala gari. Kwa sheria ya magunia ya Bakari moja ingekuwa huku na nyingine kule, na gari katikati yake. Hakuna ambaye angeziona pamoja, na hakuna aliyeziona.

Bakari ndiye aliyesema, kwa sauti ya kutokuamini. "Upande wa dereva ndio hupewa springi yenye nguvu. Na hizi za kitambaa zilikuwa za kushoto." Akainua macho. "Ndolo. Dereva wao alikuwa anakaa kushoto."

"Kaskazini huko," Ndolo alisema polepole. "Ng'ambo ya mpaka. Usukani iko kushoto."

"Na mimi nikasema kilichotoka kushoto kirudi kushoto."

"Na mimi nikafunga kitambaa, nisikosee!"

Ndolo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi sinia likatikisika na Bi Zuhura akapiga kelele wasimwagie chakula chake mara ya pili. Bakari alicheka kimya, mabega tu yakipanda, machozi yakimshuka kwenye miwani. Fremu ilikuwa sawa, springi zilikuwa sawa, wao wawili walikuwa sawa. Walikuwa wamekosea kwa sababu ya kuwa makini. Tuliweka sinia chini sakafuni kati ya vyuma vilivyogawanywa, tukala sote wanne, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Bi Zuhura akila gereji. Hata sasa nikionja kuku wa mchuzi popote namlinganisha na yule, na hajapatikana wa kumfikia. Alasiri nikazifunga springi, za kushoto kulia na za kulia kushoto. Bakari aligeuka akatazama ukuta nilipokuwa nikifanya hivyo.

Gari lile lilikaa sawa miaka yote iliyofuata. Ijumaa lilikwenda msikitini, Jumapili kanisani, na katikati ya wiki lilibeba maembe na injini za watu. Ndolo alipofariki, mwili wake ulitoka Machakos hadi Kithimani ndani ya Landrova ile, na Bakari, mzee tayari, alikataa mtu mwingine ashike usukani. Mimi niliendelea kunyoosha mabati katika gereji ile hadi nywele zikawa nyeupe.

Hayo yote nilimweleza Swaleh, labda kwa maneno mengi kuliko haya. Alisikiliza akiizungusha spana mkononi. Sikumsihi. Gari ni lake, na nilikuwa nimeona alivyoipenda ile sura aliyoitafuta. Jikoni wakati huo pilau ilikuwa imeiva na dua imemalizika. Shangazi yake akatuletea yetu pale uani, kwenye sinia lilelile la aluminiamu. Hapakuwa na meza karibu. Niliangusha mlango wa nyuma wa Landrova ukalala, nikampokea sinia, nikaliweka hapo, na bakuli la mchuzi katikati yake.

Swaleh alisogea akatazama. Mchuzi ulitulia, haukwenda huku wala kule. Aliutazama muda, akazunguka kwenda mbele na spana yake, na mimi nikaanza kula ili nisisikie. Nikasikia hata hivyo. Alikuwa anakaza bolti.

Kisha akarudi, akanawa mikono kwenye bomba, akaja kusimama mbele ya lile bonde, akaingiza mkono kwenye sinia. Hakukumbuka amesimama mahali pa nani, nami sikumkumbusha. Nilimsogezea nyama.